Utando Kwenye Msonobari wa Baba

Ukoo wetu ni watu wa kinyaa. Wengine hurithi pua, wengine hurithi kisukari, sisi tumerithi kinyaa. Baba akiletewa kikombe cha maji, kwanza hukinusa. Kikiwa na shombo la yai hata kidogo, hukirudisha kimya kimya, na aliyekiosha huona haya siku nzima. Mkahawani hali. Harusini hula pembe yake ya sinia tu, na mkono wa mtu ukivuka mpaka, huinuka akasema kashiba. Mimi ndiye niliyemfuata zaidi. Unywele mmoja ulioganda kwenye sabuni unatosha kuniharibia siku. Mume wangu, ambaye kwao ni milimani huko ndani ya Oman na amekua na mbuzi hadi chumbani, husema lau angejua mapema angefikiri mara mbili kabla ya posa.

Basi jamaa kama hawa ndio walioletewa maradhi ya utumbo.

Baba alikuwa akiishi peke yake Sib, hapa Oman, tangu mama alipofariki, katika nyumba yetu ya zamani karibu na ya kaka yangu. Alianza kukonda, akaanza kuona damu, akaficha mpaka akaanguka bafuni. Madaktari walimkata kipande cha utumbo, wakamfungulia tundu pembeni mwa kitovu, na juu ya tundu hilo wakambandika mfuko. Choo chake chote kingekuwa kinatokea hapo, maisha yake yote yaliyobaki. Muuguzi alitufundisha namna ya kuubadilisha. Mimi nilikaa pembeni ya kitanda nikijilazimisha kutabasamu, taya zikaniuma. Baba hakutazama hata mara moja. Alikuwa akiangalia ukuta kama mtu anayesomewa hukumu ya mtu mwengine.

Nyumba ya kaka ina watoto wengi na ngazi, kwa hiyo tulimleta kwetu Bawshar, tukampa chumba cha chini chenye bafu lake. Siku ya kwanza tu alinitolea mkono nilipotaka kuingia naye.

"Hili hataliona mtu ila mimi na Mola wangu," alisema.

"Baba, muuguzi kasema mara za mwanzo uwe na mtu."

"Muuguzi si mwanangu. Nenda zako, mama."

Akatia komeo. Tangu hapo akawa anajifungia mwenyewe humo ndani, muda mrefu, maji yakimwagika, na akitoka anachoma udi. Nyumba yote ilinuka udi asubuhi, mchana na jioni, na chini ya udi kulikuwa na harufu ya pili ambayo sote tulijifanya hatuijui. Mwanzoni nilidhani ni kawaida ya hali hiyo. Baadaye niliona kila siku nguo zake zinafuliwa mara mbili, na anazifua mwenyewe kabla hazijafika kwenye mashine.

Kula akala chumbani. Msikiti uko ukuta wa pili, adhana tunaisikia kama inatolewa sebuleni, lakini hakwenda. Kaka alimuulizia kwa sheikh, sheikh akasema mtu mwenye udhuru kama ule hutia udhu kwa kila sala na sala yake ni sahihi, aende bila wasiwasi. Kaka akaja na habari hiyo kwa furaha. Baba akamsikiliza mpaka mwisho.

"Sheria naijua," akasema. "Na pua za watu je? Nnanuka, mwanangu. Mtu ananuka halafu asimame safu moja na waliokoga?"

 Kaka alisoma vitu kwenye simu yake ambavyo nadhani havikuwapo.

Msonobari tuliupata wakati wa baridi. Nilikuwa namtoa kwa gari jioni ili apate kuona watu, ingawa mwenyewe alikataa kushuka popote. Siku hiyo nilisimama kwenye duka la miche upande wa Azaiba kununua mbolea. Niliporudi nikamkuta hayumo garini.  Nikamwona amesimama baina ya vyungu, kashika tawi la mti wa kijani kizito, ameligusisha kwenye pua yake kama mtu anayenusa kitambaa cha mtoto.

Ujanani, kabla hajahamia Oman, alichaguliwa kutoka Unguja kwenda Ujerumani, ile ya Mashariki ya wakati huo, kusomea mitambo ya maji. Bweni lao lilikuwa kando ya msitu wa misonobari. Alituhadithia habari za huko kidogo sana, kwa sababu mama hakupenda kuzisikia. Siku hiyo, mbele ya muuzaji aliyekuwa hafahamu neno, alisema kwa Kiswahili, "Huu ndio wenyewe. Harufu yake ndiyo hini hini."

Muuzaji akatuambia umeletwa kutoka Ulaya na udongo wake, karibuni tu, na kwamba ukiwekwa kivulini na kumwagiwa maji utaishi. Tukauchukua. Ulikuwa na kimo changu, umejaa, na chungu chake kilihitaji wanaume wawili kukibeba.

Tuliuweka uani, upande usiopigwa jua. Kwa mara ya kwanza baba akawa anatoka chumbani bila kuombwa. Asubuhi alikaa hapo kwenye kiti cha plastiki, pembeni ya mti wake, anakunywa kahawa. Harufu ya msonobari ni kali. Nadhani alihisi akiwa hapo hananuki. Mimi nilikuwa nikimchungulia kwa dirisha la jikoni nikashukuru, nikajisemea kwamba mti huo umemfaa kuliko dawa zote.

Joto lilipoanza kurudi, nikaona wadudu wanatoka kwenye udongo wa kile chungu. Walikuwa kama nzi waliokanyagwa, bapa, weusi wenye manjano kichwani, mbawa zimewalala mgongoni kama vipande vya nailoni. Walipanda kwenye shina kwa miguu yao, polepole, kama wageni wanaojua wanakokwenda.

"Nyuki hao?" baba akauliza.

"Hata sijui. Wanaudhi tu."

Nikachukua dawa ya mbu nikawapulizia. Waliokufa nikawafagia. Sikuwafikiria tena.

Aliyegundua ni msichana anayetusaidia kazi za nyumbani, Mganda, mtu wa kusali kanisani siku za Ijumaa kwa kuwa ndiyo siku yake ya mapumziko, na fundi wa kuimba anapofagia. Asubuhi moja niliona kuimba kumekatika.

"Madam," aliita. "Kuja uone. Hii mti ya Baba Kabiri iko na kitu mbaya."

Baba Kabiri, yaani bwana mkubwa, ndivyo alivyomwita baba. Nilidhani ni buibui. Kwenye ncha ya tawi kulikuwa na kitu kama soksi chafu, kirefu kuliko kidole, kijivu, kimelikumbatia tawi. Ulikuwa utando. Lakini utando wa buibui una uwazi, una upepo ndani yake. Huu ulikuwa umejaa. Ulijazwa punje ndogo za rangi ya kahawia, maelfu, zimegandamana kama ukoko uliobaki chini ya sufuria, na baina yake vipande vya majani ya sindano vilivyotafunwa na kuachwa. Nikatazama tawi la pili. Lilikuwa nalo. La tatu pia. Nilipoinama nikaona mti mzima una soksi hizo.

"Hizi punje ni nini?" nikauliza.

"Ni mavi, madam."

Alisema kwa upole, kama mtu anayemwambia mwenziwe kwamba ana kitu kwenye meno.

Nilikwenda jikoni nikaleta kijiti cha mshikaki. Mpaka leo sijui kwa nini sikuuacha. Niliuchana ule utando kwa ncha, punje zikamwagika kwenye viatu vyangu, na ndani kabisa, katikati ya choo chake, akaonekana mwenyewe. Alikuwa laini, kijani kilichochanganyika na rangi ya maziwa yaliyoharibika, anang'aa kama kitu kilicholambwa. Kichwa chake kilikuwa rangi ya chai. Miguu ilikuwa mbele tu, karibu na kichwa, na kutoka hapo hadi mkiani hakuna mguu, ni tumbo tupu lililolala. Aliponiona, au alipoona mwangaza, hakutambaa kama kiwavi ninayemjua. Alijinyonga kinyumenyume, haraka, akateleza kwenye nyuzi zake mwenyewe, akarudi kujizika kwenye uchafu.

Nilitupa kijiti.  Nilikosha mikono mpaka kiwiko, nikarudia, na mchana sikuweza kula wali kwa sababu punje zake zilinikumbusha.

Baba alimtazama kwa muda mrefu kuliko mimi. Aliinamisha kichwa karibu na tawi, miwani imeshuka puani.

"Angalia," akaniambia. "Anatoa kichwa, anakata jani, analivuta ndani, anakula. Halafu anajisaidia hapo hapo anapolala."

"Baba, nakuomba."

"Nnakwambia nnachokiona. Mdudu huyu hana haya hata kidogo."

"Nitamwita mtu aje apulize dawa. Au tuukate."

"Usiuguse mti wangu."

Alimuuliza yule msichana kama kwao wanakula wadudu kama hawa, maana alisikia Uganda watu wanakula panzi. Msichana alichukia kabisa.

"Hizi? Hapana, Baba Kabiri! Nsenene ni safi, inakula majani, inaruka huko juu. Hizi zinalala ndani ya mavi!"

Baba alicheka. Ilikuwa muda mrefu hajacheka, na kwa ajili ya kicheko kile nikanyamaza juu ya mti.

Nilimpelekea picha rafiki yangu niliyesoma naye, ambaye kazi yake ni wadudu wa mimea. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti. Alisema huyo si mtoto wa kipepeo hata kidogo. Ni mtoto wa mdudu wa ukoo wa nyigu, nyigu asiye na kiuno wala mwiba, na kuna aina zake zinazofuma utando kwenye misonobari tu. Huku hajapata kumwona. Alikuja akiwa ndani ya udongo, amelala, akaamka kwetu akidhani bado yuko kwao. "Wakishiba wanashuka, wanajizika tena kwenye chungu," alisema. "Kwa joto letu sidhani kama watafika mwaka wa pili, lakini tusibahatishe. Usiutupe kwenye jalala. Kata matawi, yafunge kwenye mifuko mizito. Udongo uutandaze juani, ufunike kwa nailoni mpaka uive. Na mimi niwekee wachache kwenye chupa." Yeye alikuwa amefurahi. Nilimsikia.

Nikamweleza baba. Akasema, "Bado." Kila siku nikamweleza, kila siku bado. Na kila siku zile soksi zilinenepa. Mti uliokuwa mzito ukaanza kuwa na vichwa vya kijivu. Asubuhi sakafu ya ua ilikuwa na vumbi la punje, ukikanyaga unasikia chini ya kiatu. Nikaanza kupita mlango wa mbele ili nisipite uani. Nikaota nina utando mdomoni. Nguo tulizoanika huko nikazirudisha mashineni. Kinyaa kina tabia hiyo, ukikipa chumba kimoja kinataka nyumba nzima.

Kisha ikaja Ijumaa ya mkate wa ufuta.

Kaka na mkewe walikuja baada ya sala, na kwa sababu baba hakubali kukaa mezani, tuliona tumfuate yeye uani angalau kwa chai. Nilikuwa nimeoka mkate wa ufuta mwenyewe, kwa mkono, kama alivyokuwa akioka mama, umejaa ufuta juu. Nikauweka kwenye meza ndogo, mbali na mti kadiri ua ulivyoruhusu. Baba alikuwa kwenye kiti chake, kahawa mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali akakubali kipande mbele za watu.

Upepo ulikuja ghafla, ule wa joto unaoshuka kutoka milimani na vumbi lake. Uliutikisa mti kama mtu anayetikisa jamvi. Ulipopita tukacheka, tukafuta macho, tukaendelea. Kaka akachukua kipande kingine. Akatafuna. Akatafuna tena, polepole.

"Ufuta wenu umeungua," akasema.

Nikautazama mkate. Ufuta mweupe nilioutia mimi ulikuwapo. Juu yake ulikuwapo mwengine, wa kahawia.

Sikuhitaji kusema, uso wangu ulisema. Kaka aligeuza macho kwenye mti, kisha kwenye mkate, kisha akakimbilia kwenye bomba la ua, akatema, akasukutua, akaingiza vidole kooni. Mkewe alisimama amejiziba pua na mdomo kwa shela, ingawa hakukuwa na harufu yoyote ila ya msonobari. Alikuwa amekunja uso namna ambayo mtu hawezi kuizuia, midomo imevutika, macho yamebana. Nami nilikuwa vivyo hivyo. Naujua uso huo, nimezaliwa nao.

Baba hakutema. Aliweka kipande chake mezani taratibu. Alikuwa hautazami mkate wala mti. Alitutazama sisi, mmoja mmoja, nyuso zetu zikiwa zimekunjika hivyo. Kisha akainuka akaenda chumbani, na komeo likalia.

Asubuhi yake akanikuta jikoni.

"Ung'oeni," akasema.

"Baba, hapana haraka. Tunaweza kujaribu dawa kwanza."

"Kitu kinachotia watu kinyaa hakikai mbele za watu, mwanangu. Ung'oeni."

Akageuka akaondoka. Nilibaki na kijiko mkononi, maziwa yakafurika jikoni mbele ya macho yangu. Nilitaka kumfuata nikamwambia si hivyo, lakini ningemwambia nini? Kwamba sisi hatuoni kinyaa? Alikuwa ametulea mwenyewe.

Tuliifanya kazi hiyo Jumamosi iliyofuata, asubuhi, kabla jua halijachachamaa. Mume wangu alikata matawi kwa msumeno mdogo, na mimi na msichana, tumevaa glavu na tumejifunga mitandio puani, tukayatia kwenye mifuko myeusi. Tando ziligusana na glavu, na kila mara nilihisi ndani ya kiganja kitu kinachojinyonganyonga. Msichana alikuwa akisema "Yesu, Yesu," kwa kila tawi. Mimi nilikuwa nikisoma aya zote ninazozijua. Wadudu wengine walianguka sakafuni, na nje ya nyuzi zao hawakujua kutembea. Walilala chali wakijipindapinda, hawafiki popote. Mume wangu aliwakanyaga. Sauti yake sitaisimulia.

Mume wangu akapandisha udongo kwenye dari kwa ndoo, yaani juu ya paa, maana nyumba zetu zina paa bapa ambalo wakati wa joto hukaanga. Kisha akapeleka mifuko kwa yule rafiki yangu, aichome. Udongo ukabaki kwetu. Baba alikuwa ameshapanda darini. Alikuwa amekalia ndoo iliyogeuzwa, dishidasha, kanzu yake nyeupe, imepigwa pasi, anauchambua kwa mwiko wa bustani.

"Baba, shuka, jua kali."

"Huu mti ni wangu. Taka zake nitazitoa mimi."

Nikachuchumaa karibu yake. Kila bonge alilolivunja lilikuwa na kijumba ndani, kimesawazishwa vizuri kama ndani ya yai, na humo mdudu amejikunja, manjano, mnene, ameshiba majani ya msonobari wetu. Kumi, ishirini, sikuhesabu. Walikuwa wamelala. Walikuwa tayari kungoja mwaka. Jua lilipowapiga wakaanza kunyooka, na maji yakawatoka, na ikaanza harufu.

Nilifikiri ni wao. Nilijiambia ni wao, nikaziba pua kwa mkono, nikaendelea kutandaza nailoni. Harufu ikazidi. Nilipoinua macho baba alikuwa amesimama, mkono wake umekamata ubavu, na kwenye dishidasha ile nyeupe doa lilikuwa linashuka kutoka kiunoni, linashuka paja, linafika chini kwenye ndala. Mfuko ulikuwa umebanduka.

"Usinisogelee," akasema.

Msichana aliona. Aligeuza uso kuelekea barabarani. "Madam, nashuka kuleta maji," akasema, akashuka, na akakawia makusudi.

Nilitaka kumsogelea baba. Naapa nilitaka. Lakini joto lile, wadudu wale, harufu ile na hii, vyote vilinipanda pamoja, nikageukia ndoo tupu nikatapika. Nilitapika chai, nikatapika maji ya kijani, nikatapika pasipo na kitu. Nilipomaliza nilikuwa nimepiga magoti, kamasi zinanitoka, mtandio umechafuka, glavu zina choo cha wadudu. Sikuthubutu kumtazama.

Nikasikia sauti ndogo. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko kikavu cha kukosa pumzi.

"Tazama," alisema. "Tazama tulivyo. Mama yako angetuona angehama nyumba."

Nikacheka na mimi, na kamasi zangu. Halafu akaacha kucheka. 

"Nioshe," akasema. "Siwezi tena. Nimechoka."

Tulishuka ngazi taratibu, mimi nyuma yake nimemshika kiuno. Bafuni hakutia komeo. Nilimvua dishidasha, nikaikunja kwa ndani, nikaiweka pembeni. Nikauondoa ule mfuko uliokuwa umening'inia, na hapo ndipo nilipojua jambo alilolificha. Ngozi yote inayozunguka tundu ilikuwa mbichi. Ilikuwa imechubuka, nyekundu, imetoa maji, mahali pengine damu. Juu ya sinki kulikuwa na chupa ya dawa ile ya kusafishia sakafu na vyoo, imebaki robo, na brashi.

"Baba, hii unaitumilia nini?"

Akaisogeza chupa nyuma ya bomba.

"Ndiyo unayojisugulia?"

"Nilitaka kutakata," alisema. "Nilitaka kuwa safi, mama. Kila nikisugua mfuko haukamati. Kila usipokamata unavuja. Kila ukivuja nasugua."

Nilimwosha kwa maji ya vuguvugu na kitambaa laini, kama muuguzi alivyoonyesha siku ile ambayo mmoja wetu alitazama ukuta na mwengine alitabasamu. Nilikuwa nimebana pumzi, na alijua. Ile nyama nyekundu ya tundu ilikuwa inajikunja yenyewe, inasinyaa na kutoka, na nilipoifuta ikatoa tena mkononi mwangu. Kinyaa hakikuniondoka. Watu huhadithia kwamba mapenzi yanakiondoa, labda kwao. Mimi niliosha nacho, kimenikaa kooni kama mwiba wa samaki, na mikono ikafanya kazi yake.

"Unaona kinyaa," baba alisema. Hakuwa ananiuliza.

"Naona."

"Hata mimi."

"Inua mkono kidogo, nifute huku."

Akainua mkono.

Siku ya pili nilimrudisha hospitali. Muuguzi alipoona ngozi ile alituketisha, akatufundisha upya, na safari hii baba alitazama. Maji matupu, akasema, basi, hakuna sabuni ya manukato wala dawa yoyote. Akatupa unga wa kupaka panapochubuka, akampima tundu, kwa sababu baba alikuwa akiukata mdomo wa mfuko mkubwa kuliko inavyotakiwa. Ngozi ilichukua muda kupona. Ilipopona, mfuko ukakamata. Ulipokamata, ile harufu ya pili ikapotea nyumbani, na udi ukarudi kuwa udi.

Udongo uliiva darini wiki nyingi. Rafiki yangu alipata chupa yake. Nilipokuja kuifunua ile nailoni nilikuta vumbi kavu, na ndani yake vitu vyeusi kama zabibu kavu, nikavitia kwenye mfuko wa taka pamoja na vumbi lake lote bila kutazama sana. Chungu nilikipasua. Baba aliniuliza kama tunaweza kupata msonobari mwengine, wenye udongo wa hapa hapa. Nikamwambia nitahama mimi. Akaagiza mrehani.

Anakula mezani sasa, kwenye pembe yake. Kumbadilisha mfuko tunapokezana, siku yeye, siku mimi, na siku zangu bado nabana pumzi. Juzi alinishauri nitafune karafuu.

Msikitini alikwenda Ijumaa moja bila kumtangazia mtu. Nilimkuta mlangoni amevaa, amejipaka mafuta ya udi, kashika mkongojo, ananiambia nimpeleke kwa gari ingawa ni ukuta wa pili, kwa sababu ya jua. Nilimteremsha, nikaegesha kivulini, nikamwona anasimama mbele ya rafu ya viatu kwa muda, mkono umegusa ubavu. Kisha akavua ndala zake, akaingia.

Watu walipotoka, yeye hakutoka. Nilianza kuingiwa na hofu. Nikashuka garini, nikavuka mpaka karibu na mlango wa wanaume, nikachungulia. Alikuwa chini ya feni amekaa na mzee mwengine wa kwetu Unguja, goti kwa goti, wamefika kwenye ubishi mkali kuhusu nani alikuwa akimiliki duka fulani la Darajani zamani zile, na baba alikuwa akimpigapiga mwenziwe begani kwa kidole akisema, "Hujui wewe, hujui." Nilimwita mara mbili. Alinipungia mkono nisubiri, wala hakugeuka, nami nikarudi garini kukaa na joto.